Mjusi wa Patron

Niseme mapema ili nisisifiwe bure: mimi sipendi mijusi. Sikuwapenda utotoni Bukavu, siwapendi leo, na huyu ninayemsimulia hapa sikumpenda hata chembe nilipomwona. Kanisani wakihadithia habari zake hunipamba mpaka naona haya, eti yule mama ana huruma hata kwa viumbe vitambaavyo. Wananisingizia. Kilichonisukuma siku ile hakikuwa huruma. Kilikuwa kinyaa, na kilianzia puani.

Kazi yangu hapa Stockholm ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Nafungua mlango kwa ufunguo wa kazini, nasalimu, naosha, nabadilisha nepi, napaka mafuta, nalisha, nafunga mlango, naenda kwa mwingine. Baada ya miaka mingi ya kazi hiyo, pua inapata elimu yake. Ukiniambia kitu kinanuka nitakuuliza kinanuka nini: mkojo wa leo au wa juzi, kidonda kinachopona au kinachooza, mtu mchafu au mtu aliyeachwa. Hiyo ya mwisho haifanani na nyingine yoyote. Mimi niliijua kwa bibi mmoja ambaye wanawe walikaa mtaa wa pili na hawakuwa wakija.

Basi Jumapili moja ya Novemba, mvua na theluji zikigombana nje, nilialikwa Jordbro, kitongoji cha kusini, kwa rafiki yangu wa kwaya. Naye ni mtu wa Bukavu, mdogo kwangu kwa umri, ndiyo maana ananiita yaya, yaani dada mkubwa. Mumewe anafanya kazi katika ghala moja kwenye eneo la viwanda hapo hapo Jordbro, na kwa kuwa mimi ni yaya wa mkewe, yeye huniita shemeki, yaani shemeji. Ni watu wema. Niliseme hilo sasa, maana mbele nitawasema vibaya. Nilipofiwa na mama yangu, wao ndio waliokuja kwangu Rågsved kunipikia na kukaa nami bila kuangalia saa. Mwanamke huyu hawezi kuona mtu amekaa bila sahani.

Alikuwa amepika sombe, yaani kisamvu, kwa mawese, bugali, na sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa letu, ambao ukiwapata huku unawahifadhi kama dhahabu. Kabla ya kula mtu ananawa. Nikainuka kwenda bafuni, naye akaruka kutoka jikoni na mwiko mkononi.

“Yaya, usiingie kule! Ngoja nikuletee maji, utanawa hapa jikoni, mu cuisine.”

“Choo kimeziba?”

“Hapana. Si kitu, yaya. Acha tu.”

Mimi ukiniambia “acha tu”, mkono wangu umeshafika kwenye kitasa. Nilidhani kweli choo kimeziba na wanaona aibu, na kuzibua vyoo ni kazi ninayoiweza kuliko kuimba. Nikafungua mlango. Harufu ikanipokea kabla sijawasha taa, na nikaitambua papo hapo. Ilikuwa ile ya mwisho.

Bafu la Jordbro halina dirisha. Nyuma ya pazia la kuogea, chini ya sinki, kulikuwa na sanduku la kioo kubwa kama sanduku la safari. Kioo kilikuwa na ukungu wa mvuke na mistari ya uchafu iliyotiririka na kukauka. Ndani kulikuwa na tonge la bugali lililoota kuvu ya kijani, wali uliogeuka uji, vichwa vya sambaza, na kinyesi kila mahali, cheusi na cheupe, kingine kikavu, kingine kibichi. Katikati ya yote hayo alilala mjusi mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Alikuwa bapa, rangi ya majivu, ngozi kuukuu imemning'inia vipande vipande, macho yamezama, vidole vya mguu mmoja vimekuwa vyeusi kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwaka. Mate yalinijaa mdomoni, yale mate ya kutaka kutapika. Nilidhani amekufa, nikamshukuru Mungu. Halafu jicho moja likafunguka, likaniangalia, likafumba tena.

Lile jicho nimeshaliona kwa wazee. Ni jicho la mtu anayetazama nani ameingia, akaona si wa kumsaidia, akaamua kutopoteza nguvu.

Nilirudi sebuleni sijanawa. Mume alikuwa amekaa mezani, amekwisha kujua. Alikuwa anapanga vijiko vilivyokuwa vimeshapangwa.

“Ile ni nini?” nikauliza.

“Ile ni ya patron,” akasema.

Ndipo nikasimuliwa, mmoja akianza sentensi na mwingine akiimalizia. Patron, yaani bosi wake wa ghalani, Mswidi, alikuwa akimfuga mnyama huyu kwa miaka. Hapa wanawafuga, wanawaita mijusi wenye ndevu, wana miiba chini ya kidevu. Patron akapata mchumba mpya, mchumba akasema ama mjusi ama mimi. Patron akatazama wafanyakazi wake wote, Wapolandi, Wasomali, Waswidi, jicho likamwangukia Mkongo. Akamwambia, wewe unatoka Afrika, hawa unawajua, kwenu wamejaa.

“Nawe ukasema nini?”

“Nikasema ndiyo,” akajibu. “Ningesema je, shemeki? Ni patron. Alikuwa anafurahi. Akanipa na sanduku, na taa, na yote.”

Baadaye nilikuja kujua kwamba mnyama yule kwao ni Australia. Hakuna Mkongo aliyewahi kumwona nyuma ya nyumba ya bibi yake. Lakini tayari mzungu alikuwa amesema na mweusi ameitikia, kila mmoja kwa heshima zake, na mjusi akapakiwa kwenye gari.

Kwetu zawadi ya mkubwa hairudishwi. Unaipokea kwa mikono miwili, unainama kidogo, hata kama ni nyoka. Rafiki yangu aliipokea, akaiweka bafuni kwa sababu sakafu ya bafu ina joto, na mgeni huwekwa penye joto. Akamlisha alichokula yeye. Baada ya miezi miwili mitatu hivi taa ikaungua. Ilikuwa taa ya aina yake, inayotoa joto na miale kama ya jua, si ya kununua dukani penye mkate. Mume hakuthubutu kumuuliza patron taa ile inaitwaje, kwa maana alishasema anawajua wanyama hawa toka utoto. Angeulizaje sasa? Kwa hiyo hakuuliza. Mjusi akabaki gizani. Watu wanaoga upande huu wa pazia, yeye anaoza upande ule.

“Hatukumupiga hata siku moja, yaya,” rafiki yangu akasema, na machozi yakamlenga. “Tulimupa kula. Bugali, muchele, hata sambaza. Yeye ndiye anakatala.”

Sambaza! Mimi ninawahesabia wageni sambaza, yeye anawamwaga kwa mjusi, mjusi anakataa, wanaozea pale pale, na hakuna anayewaondoa kwa sababu hakuna anayethubutu kuingiza mkono. Nilimwangalia mume. Mtu mzima, anabeba maboksi siku nzima, ameshindwa kusema neno moja, “sijui”. Nikachukia. Nilichukia kuliko nilivyochukia ile harufu, kwa sababu harufu angalau haikunidanganya.

“Na patron anauliza habari zake?”

“Kila wiki,” akasema chini chini. “Namuambia anaendelea muzuri.”

Sikula. Kwetu kukataa chakula cha mtu ni kumtukana, nami nilimtukana rafiki yangu mbele ya sombe lake, sahani ikapoa. Nikamwambia anipe taulo kuukuu, chupa ya maji ya moto na ule mfuko wa kubebea vyakula vilivyoganda. Mfukoni mwa koti langu huwa kuna glavu za kazini siku zote, hata Jumapili. Nikazivaa pea mbili, moja juu ya nyingine. Nikafumba mdomo, nikaingiza mikono.

Hakupigana. Alikuwa mwepesi kama mfuko mtupu. Nilipomwinua, tumbo lake lililolowa likaning'inia, na taya la chini likacheza kama ulimi wa kiatu. Nikamfunga taulo, nikaweka chupa ya moto kando yake. Mume alinifungulia mlango haraka mno. Furaha aliyojaribu kuificha usoni mwake ndiyo iliyonitia kinyaa cha mwisho cha siku ile.

“Bon, shemeki,” akasema pale mlangoni, “mais, lakini akikufa, tutamuambia patron nini?”

Ningemjibu ningemtapikia.

Kesho yake nilimpeleka kwa daktari wa wanyama, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole. Alimgeuza mjusi, akambonyeza taya, akaniambia mifupa imelainika kwa kukosa mwanga na madini, vile vidole vimekufa na vitadondoka vyenyewe, hali ya ini haijulikani. Aliniuliza nimemfuga muda gani. Nikasema tangu jana. Akaniambia kumlaza moja kwa moja kwa sindano si dhambi, na kama ninataka kujaribu, nijue kazi itakuwa chafu na ya miezi. Sikuwa na sababu nzuri ya kujaribu. Ila nilikumbuka lile jicho lililonitazama na kunifuta, nikaona sitaki kufutwa na mjusi.

Nilimpangia kona katika sebule yangu ya Rågsved, taa mbili juu yake, moja ya joto na moja ya miale. Sebule yangu ikawaka alfajiri hadi jioni kama duka la simu, na jirani akaniuliza kwenye lifti ninalima nini. Kila asubuhi kabla ya kazi nilimtia kwenye beseni la maji vuguvugu. Ukimtia majini, matumbo yanafunguka, na kinachotoka humo sina neno lake. Nimefuta matako ya wazee wa nusu ya kusini mwa Stockholm, na bado nilikuwa nafungua dirisha la Desemba na kutoa kichwa nje. Beseni lile lilikuwa la kufulia. Nililitupa baadaye, kwa maana hata likichemshwa, mimi nalijua.

Kisha kumlisha. Mwanzoni nilimdondoshea uji wa majani na unga wa madini pembeni ya mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, kama ninavyowanywesha wale ambao koo limelegea. Alipopata nguvu akataka wadudu. Nikaenda dukani nikanunua panzi hai kwenye kopo. Bibi yangu mzaa baba alitoka upande wa Butembo, alikuwa akikaanga panzi kwa chumvi na kitunguu, na mimi nikiwa mdogo nilikuwa nagombea sufuria. Sasa nimesimama jikoni kwangu, nimevaa glavu, ninawapaka panzi unga mweupe ili mjusi awatafune nikisikia miguu yao inavyokatika. Walinukia harufu ile ile ya utotoni, na mate yalinitoka, safari hii ya njaa. Nilijichukia mwenyewe kwa dakika nzima. Tangu siku hiyo panzi siwali tena, ni hasara niliyotiwa na patron.

Halafu kuna nyenje, nao chakula chake. Walitoroka katika kopo moja wakajificha nyuma ya friji, wakaimba wiki mbili. Mchungaji alipokuja kuniombea, akasikiliza, akasema nyumba hii ina utulivu wa kijijini. Nikasema amina.

Kuhusu namna nilivyomshika, niseme ukweli. Kazini tumefundishwa kwamba mzee hashikwi ghafla. Kwanza unamsalimu, unamwambia utafanya nini, ndipo unamgusa. Mwili wangu umezoea hivyo, hauwezi tofauti. Kwa hiyo nilijikuta nikimwambia mjusi kwa Kiswahili, “Habari za asubuhi, mzee. Sasa ninakuosha mguu. Sasa ninatoa hii ngozi, itauma kidogo.” Ile ngozi kuukuu ililowa ikatoka kama karatasi ya kitunguu, na ndani yake siku moja vikabaki vidole vitatu vyeusi. Nilivitazama kwenye kiganja cha glavu. Nilikimbilia chooni.

Sikuwahi kumgusa bila glavu. Wakati wote ule, hata mara moja.

Alianza kupata rangi mwishoni mwa Februari, jua liliporudi madirishani. Akawa wa manjano, na mgongoni rangi ya udongo mwekundu. Taya lilibaki limepinda, kwa hiyo alionekana kama mtu anayedharau kila unachosema. Nikija na koti la kazini akainua kichwa. Nikimleta mgeni asiyempenda, ndevu zake zikavimba na kuwa nyeusi ti kama masizi. Hiyo ndiyo hasira yake na hofu yake, hana nyingine, na hawezi kuificha.

Wakati wote huo simu yangu haikupumzika. “Shemeki, tuma photo.” Kila wiki. “Patron anauliza. Unipe ile ya leo, sura iko muzuri.” Nilimwandikia methali: mficha uchi hazai. Akanijibu kwa vikaragosi vya kucheka na kunikumbusha photo. Nami nilituma, nisidanganye. Nilituma kwa sababu mkewe aliniomba, na kwa sababu, nikiri, nilipenda kidogo watu waone jinsi mjusi alivyonona. Alizionyesha ghalani. Patron akazisifu mpaka akaamua kuja mwenyewe kuona.

Rafiki yangu alinipigia akilia. “Yaya, Jumapili anakuja kunywa kahawa. Utatuletea munyama?”

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nilisema hapana. Akasema, “Ulipofiwa tulikuja.” Alikuwa na haki ya kulisema, naye alijua analo moja tu, akalitumia.

Jumapili hiyo nikamfunga mzee katika kitenge, na chupa yake ya moto, nikapanda treni naye mapajani. Jordbro walikuwa wamepamba. Maandazi, keki, soseji, juisi za rangi tatu, zulia jipya. Na lile sanduku la kioo lilikuwa sebuleni, limesuguliwa mpaka linang'aa, ndani wameweka maua ya plastiki na kitambaa cha kufumwa. Nilitafuta taa. Hakukuwa na taa. Hata moja, ya aina yoyote.

Mume akanivuta pembeni. “Shemeki, tutabaki naye kidogo. Patron alisema Jumapili ijayo anarudi na watoto yake. Ni wiki moja tu. Utamukuta.”

“Wiki moja wapi?”

Macho yake yaliponyoka, na nilijua yameponyokea wapi. Yalikwenda kwenye mlango wa bafu. Mifupa ile niliyoijenga kwa tone na unga ingelala tena nyuma ya pazia, na safari hii isingeinuka. Nilijua pia kwamba nikibisha mbele ya mgeni nawavua nguo rafiki zangu. Nilikaa kwenye kochi na kitenge mapajani, na kengele ikalia.

Patron hakuwa mtu mbaya wa kumtazama. Alivua viatu mlangoni, alikuwa na soksi zenye tundu na shada la maua ya njano. Mimi nilitambulishwa kuwa dada wa familia. Alipofunua kitenge akasema kwa Kiswidi, “Habari, mzee wangu,” neno lile lile nililokuwa namwitia mimi kila asubuhi, na nikahisi kama mtu ameingiza mkono katika mkoba wangu. Akamsifu mume: tazama rangi, tazama uzito, nilijua, nilijua wewe unawajua. Na mume akazipokea sifa. Alizipokea moja baada ya nyingine, ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama anavyopokea baraka kanisani. Nilitazama keki ili nisitazame uso wake.

“Mshike,” patron akasema. “Nione anavyokaa kwako.”

Mume akanyoosha mikono. Kabla haijafika, ndevu za mjusi zikavimba, zikawa nyeusi, mdomo uliopinda ukafunguka. Mikono ikarudi nyuma. Rafiki yangu pale jikoni akapiga kelele, akaziba mdomo kwa kitambaa.

Patron alibaki ameinama. “Anakuogopa,” akasema. Halafu akamwangalia mjusi vizuri, taya kwanza, kisha miguu. “Vidole viko wapi?”

Mume akasema, kwa Kiswidi chake kizuri kabisa, “Alikuwa hivyo.”

“Kucha zake nilikuwa nazikata mimi.”

Wote wawili wakanigeukia, mmoja akitaka nimwambie ukweli, mwingine akitaka nimsitiri, na hapo kinyaa changu kikawa kimoja kwa wote, hakikubagua mgeni na mwenyeji.

“Vidole vilidondokea kwangu,” nikasema. “Alikaa bafuni bila taa mpaka vikafa. Amekaa kwangu tangu Novemba. Na wewe ulikuwa unauliza habari zake kila wiki. Kutoka ghalani kwako hadi hapa ni kutembea kwa miguu. Ungekuja kuuliza kwa macho.”

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema hakujua. Akasema anaweza kumchukua tena.

“Mchumba wako anaweza?”

Akaanza kutazama soksi zake, lile tundu.

Mume alikuwa ameketi, mikono katikati ya magoti, hana tena kichwa cha kuinamisha. Rafiki yangu akanijia, akaninong'oneza, “Yaya, unatuacha na haya hii yote?”

“Haya ni yenu,” nikamwambia. “Munyama ni wangu.”

Hakuna aliyenizuia, na hakuna aliyemsogelea. Mjusi alikuwa amepanda ukingo wa kochi, ndevu bado nyeusi, kucha zimeshika kitambaa. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba sasa ninakuinua, mzee, tunakwenda nyumbani. Nikaweka kiganja chini ya tumbo lake. Nikasikia ubaridi, na chini ya ubaridi mapigo madogo ya haraka, na ile miiba, na ngozi inayosogea juu ya mifupa. Kinyaa kilipanda kutoka kiganjani mpaka kwapani, nywele zikanisimama. Weusi wa ndevu ukaanza kuisha. Akalaza taya lake lililopinda juu ya mkono wangu, akafumba macho.

Ni pale kituoni, nilipotia mkono mfukoni kutafuta kadi ya treni, nilipozikuta glavu, zimekunjwa, hazijavaliwa. Treni ilikuwa haijafika na kulikuwa na nafasi ya kutosha kuzivaa. Nilizirudisha mfukoni.